Mkato wa mfinyanzi unaosimama miaka kisha ukaporomoka: modeli imesahau nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi sanifu, nipo na mkandarasi mmoja huku Kilwa, mkoani Lindi. Kuna kilima tunataka kukikata mita 8 tupitishe barabara ya kuingia eneo la mradi. Tumechoronga mpaka mita 25. Chini ya udongo mwekundu kuna mwamba wa mfinyanzi wa kijivu, laini, unakatika hata kwa kisu. Programu tuliyonayo inataka namba 2 tu za nguvu ya mwamba: mshikamano, yaani chembe zinavyoshikana zenyewe, na pembe ya msuguano, yaani zinavyokinza kuteleza zikikandamizwa. Nimezipima, nimeziingiza, na mteremko umetoka salama. Lakini wenyeji wanasema mikato ya zamani ya maeneo haya husimama miaka mingi ndipo iporomoke, na hakuna aliyeongeza mzigo wowote juu yake. Namba zangu zina kosa gani? Na je, ipo modeli inayoufaa zaidi mwamba wa aina hii?

Jibu: Marahaba. Hao wenyeji wamekupa taarifa ambayo maabara yako haina uwezo wa kuitoa, kwa hiyo iandike kwenye daftari la kazi kama unavyoandika matokeo ya kipimo. Namba zako 2 huenda hazina kosa lolote. Umeiambia programu mwamba una nguvu kiasi gani, ila hujaiambia maji yaliyomo ndani ya mwamba yatafanya nini baada ya eskaveta kuondoka. Kwenye miamba yenye mfinyanzi mwingi, hilo la pili ndilo linaloamua.

Mwamba huo unaoukata kwa kisu unaonekana mzima, lakini hata theluthi ya ujazo wake inaweza kuwa vinyweleo vilivyojaa maji, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita. Uzito wa kilima hubebwa na pande mbili kwa pamoja: chembe za mfinyanzi zinazogusana, na maji yaliyobanwa katikati yake. Karl Terzaghi, mhandisi aliyefanya majaribio yake ya udongo mfinyanzi Istanbul mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu fupi: chukua mkazo wa jumla, yaani uzito wote unaoangukia kila mita ya mraba, toa shinikizo la maji, kinachobaki ni mkazo halisi unaobebwa na chembe. Maji hayana msuguano. Kwa hiyo pembe ya msuguano uliyoipima haifanyi kazi juu ya uzito wote wa kilima, inafanya kazi juu ya kile kilichobaki tu.

Fikiria mtu anayekamua tui kwa kifumbu. Akikaza mkono ghafla, tui halitoki kwa kasi ya mkono wake. Kwanza nguvu yote inaangukia kwenye tui lililomo ndani, na kadiri linavyochuruzika ndivyo machicha yanavyoanza kuibeba. Mwamba wako una tabia hiyohiyo, isipokuwa matundu yake ni madogo mno, hivyo kinachochukua sekunde jikoni kinaweza kuchukua miaka ardhini. Na wewe hukamui. Wewe unakata, yaani unaulegeza mkono, na hapo ndipo mambo yanapogeuka kwa namna inayowashangaza wengi.

Tuufanyie hesabu mkato wako. Chukua nukta iliyo mita 18 chini ya uso wa sasa wa kilima. Mwamba uliolowa una uzito wa karibu kilonyutoni 20 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mkazo wa jumla hapo ni kilopaskali 360 (kilopaskali 1 ni kilonyutoni 1 kwa kila mita ya mraba). Tuseme maji ya ardhini yako mita 8 chini ya uso, basi shinikizo la maji kwenye nukta ile ni karibu kilopaskali 100, na mkazo halisi ni 260. Sasa unaondoa mita 8 za juu. Mkazo wa jumla unashuka hadi 200 ndani ya siku chache za kazi. Maji hayajapata muda wa kuingia wala kutoka, kwa hiyo ndiyo yanayoubeba upungufu wote: shinikizo lake linashuka kwa 160, kutoka 100 hadi 60 chini ya sifuri. Mkazo halisi ni 200 kutoa hasi 60, yaani 260 ileile. Mwamba haujapoteza chochote. Unasimama wima, umekauka vizuri, kila mtu anapiga picha.

Lakini shinikizo lililo chini ya sifuri ni kiu. Mwamba unavuta maji kutoka pande zote, polepole, huku ukivimba. Miaka inapita, na shinikizo linarudi kwenye kiwango cha maji ya ardhini. Mvua za Desemba hadi Aprili zikiyadumisha maji usawa wa sakafu ya mkato, shinikizo kwenye nukta yetu linafika tena 100. Mkazo wa jumla bado ni 200. Mkazo halisi umekuwa 100. Kwa pembe ya msuguano ya nyuzi 22, ukinzani wa msuguano umetoka karibu kilopaskali 105 hadi 40. Hakuna aliyeongeza mzigo hata wa tofali moja, na zaidi ya nusu ya nguvu imekwenda.

Hiyo ni hesabu ya mwelekeo mmoja, wa juu kwenda chini. Kwenye mteremko halisi mikazo ya pembeni nayo inahusika, na kwenye mwamba mgumu zaidi chembe zenyewe huchukua sehemu ya upungufu, kwa hiyo maji hayashuki kwa 160 kamili. Maurice Biot alizipa hoja hizi hesabu yake kamili mwaka 1941, akaunganisha mwendo wa maji na mgeuko wa umbo la mwamba katika mfumo mmoja wa milinganyo. Mwelekeo wa jambo haubadiliki.

Waingereza walilipia somo hili kwenye reli zao. Walikata mfinyanzi mgumu wa London kupitisha njia za treni, mikato ikasimama, kisha ikaanza kuteleza baada ya miaka mingi. Mhandisi wa udongo Alec Skempton alipokusanya rekodi hizo mwaka 1964, mkato wa Northolt ulikuwa umesimama miaka 19 tangu ulipopanuliwa, ukuta wa Kensal Green miaka 29, na mkato wa Sudbury Hill miaka 49. Kwa muda mrefu watu walidhani udongo wenyewe unachakaa. Baadaye ikaonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji ule ilikuwa ni maji kurudi taratibu kwenye vinyweleo vilivyolegezwa. Kwa hiyo wanachokueleza wazee wa Kilwa ni jambo lenye kumbukumbu za maandishi sehemu nyingine za dunia, kwenye mfinyanzi wa bahari unaofanana na huo wa kwenu kwa umri na kwa asili.

Miaka mingapi basi? Hapa ndipo ninapomwomba kila kijana wa maabara akae na kalamu. Muda wa shinikizo kusawazika hufuata mraba wa umbali ambao maji yanapaswa kusafiri. Chukua mwamba ambao shinikizo husambaa ndani yake kwa mita za mraba 0.3 kwa mwaka, kiwango cha kawaida kwa mfinyanzi mzito. Sampuli yako ya maabara yenye unene wa sentimita 2, maji yakiingia juu na chini, husafirisha maji sentimita 1 tu. Inamaliza asilimia 90 ya kazi kwa saa 2 na nusu hivi. Mwamba uleule ukiwa na umbali wa mita 10 unahitaji karibu miaka 280. Ukiwa na tabaka za mchanga au chokaa zinazofanya umbali uwe mita 2, ni karibu miaka 11. Tazama tofauti hiyo: tabaka jembamba la mchanga, ambalo mchorongaji mwenye haraka haliandiki kabisa kwenye ripoti, linaweza kuamua kama mkato wako utaanguka mikononi mwako au mikononi mwa mjukuu wako. Rudi kwenye masanduku ya sampuli ukalitafute. Miamba ya eneo lenu ina tabaka kama hizo.

Na hapa niseme kidogo kuhusu miamba hiyo, kwa sababu sidhani vijana wa Lindi wanaambiwa vya kutosha jinsi ilivyo adimu. Wanajiolojia wanaiita Kundi la Kilwa, na tabaka zake kuu zimepewa majina ya vijiji na miji mnayopita kila siku: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Ni matope ya sakafu ya bahari yaliyotuama kuanzia mwishoni mwa zama za dinosauri hadi takriban miaka milioni 30 na kitu iliyopita. Watafiti wa hali ya hewa ya kale wamechoronga kati ya Kilwa na Lindi kwa sababu magamba ya viumbe wadogo wa baharini yaliyomo humo, yanayoitwa foraminifera, bado yanang'aa kama kioo. Kwingine magamba hayo yameyeyuka na kuganda upya. Hapa yamehifadhika kwa sababu mbili: mfinyanzi haukuruhusu maji kupita, na matope hayakuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa.

Kwa mhandisi, sababu hizo mbili ni data. Ya kwanza inakuambia upenyezaji ni mdogo mno, kwa hiyo hesabu ya miaka hapo juu si ya kubuni. Ya pili inakupeleka kwenye swali lako la mwisho, la modeli.

Mfinyanzi hukumbuka mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuubeba. Ukiusukuma ukiwa bado chini ya mzigo huo wa zamani, hubonyea kidogo na kurudi. Ukiuvuka, vinyweleo huporomoka na haurudi tena. Mfano: kama zamani kulikuwa na mita 300 za matope zaidi juu ya eneo lako, na mmomonyoko ukaziondoa, mwamba uliwahi kubeba karibu megapaskali 3 zaidi ya leo. Leo nukta yetu inabeba 0.26, yaani zile kilopaskali 260. Umeshuka zaidi ya mara 12. Mfinyanzi ulioshuka kiasi hicho, ukisukumwa kuteleza, hautulii na kujibana. Unatanuka, unavuta maji, unafika kilele cha nguvu, kisha unalegea.

Modeli ya namba 2 uliyonayo haina kumbukumbu hiyo. Familia ya modeli iliyoiingiza ilizaliwa Cambridge. Kenneth Roscoe, Andrew Schofield na Peter Wroth walichapisha msingi wake mwaka 1958, na Roscoe na John Burland wakaupa umbo linalotumika sana sasa mwaka 1968. Inaitwa Cam-clay, na inahitaji namba 5 hivi: mwinuko wa mstari wa nguvu ya mwisho, kasi ya kubonyea kwenye mzigo mpya, kasi ya kubonyea na kurudi kwenye mzigo wa zamani, ugumu wa kuteleza, na huo mzigo mkubwa wa kale. Kinachonivutia ndani yake ni kwamba nguvu na ujazo wa vinyweleo ni kitu kimoja kinachotazamwa pande mbili, haikubali uvitenganishe.

Lakini usikimbilie kuinunua. Cam-clay ni nzuri sana kwa tope laini, mfano kwenye vinamasi vya mikoko unakotaka kujenga tuta. Kwa mfinyanzi ulioshuka mara 12 kutoka kwenye mzigo wake wa zamani, mpaka wake wa nguvu, unaochorwa kama duaradufu, hukupa nguvu ya kilele iliyo kubwa kupita ukweli. Hilo ni kosa la upande wa hatari. Mkato wako unahitaji modeli inayoruhusu nguvu kupungua kadiri mwamba unavyoteleza, na iendeshwe pamoja na mwendo wa maji kwa wakati. David Potts na wenzake wa Imperial College walifanya hivyo mwaka 1997 kwa mikato ya London, na kuporomoka kwa kuchelewa kukatokea ndani ya kompyuta bila kulazimishwa. Ukifika huko, jihadhari na jambo moja: nguvu ikianza kupungua, mgeuko wote hujikusanya kwenye mstari mwembamba, na unene wa mstari huo utafuata ukubwa wa vipande ulivyoigawa modeli yako. Endesha mara 2 kwa vipande vya ukubwa tofauti. Majibu yakitofautiana sana, huna jibu bado.

Jambo ambalo hakuna modeli itakusaidia usipoliona kwa macho ni tabaka na nyufa. Mfinyanzi huu umelala kwa safu. Ugumu wake kando ya safu si sawa na ugumu wake wa kukata safu, na maji hupita kirahisi zaidi kando ya safu. Kukiwa na uso wa zamani ndani ya mwamba uliowahi kuteleza, chembe bapa za mfinyanzi zimeshalala upande mmoja na uso huo unang'aa kama umepigwa rangi. Hapo pembe ya msuguano si 22 tena. Inaweza kuwa chini ya 15, na kwa mfinyanzi unaovimba sana, wa jamii ya smektaiti, hata chini ya 10. Ukiona uso wa namna hiyo kwenye sampuli, pima pembe yake ya kulala na uchore kwenye ramani kabla hujafanya kingine chochote. Uso huo ukiwa unaelekea barabarani, chora mteremko upya.

Sasa maabara. Sampuli zako zimekaa wapi tangu zichorongwe? Hewa ya pwani yenye unyevunyevu wa asilimia 80 huonekana nzito kwetu, lakini kwa mwamba ni jangwa: huvuta maji ya vinyweleo kwa nguvu ya karibu megapaskali 30, mara 100 na zaidi ya mkazo wa ardhini tuliouhesabu. Sampuli iliyokaa wazi stoo imeshabanwa, imeshapata nyufa, na ukiipima kavu inakupa mshikamano mkubwa ambao kilimani haupo. Ninashuku sehemu ya usalama uliouona kwenye programu inatoka hapo. Sampuli hufungwa kwa plastiki palepale kwenye mashine, ikapakwa nta, ikawekwa kivulini. Kama kuna vipande vilivyokwisha kauka, usivitupe: tia kimoja kwenye glasi ya maji. Kikisambaratika kuwa tope kwa dakika chache, umejua mwamba wako utafanya nini mvua ya kwanza ikiukuta wazi baada ya kiangazi.

Ukipima upya, omba jaribio la mikazo mitatu linalopima shinikizo la maji ndani ya sampuli, na lisukumwe polepole. Fundi atalalamika kwamba linachukua siku. Ndivyo lilivyo, kwa sababu shinikizo lazima lisawazike sampuli nzima. Muulize pia anatumia maji gani. Matope haya yalituama baharini, na smektaiti huvimba zaidi kwenye maji matamu kuliko kwenye maji yenye chumvi. Maji ya bomba yanaweza kukupa mwamba usio wa kilima chako.

Kwa sasa programu yako ya namba 2 inatosha, ukiiendesha mara 3 kwa nia tofauti. Ya kwanza ni hali ya mara baada ya kukata, ambayo umeshaifanya. Ya pili ni hali ya miaka mingi baadaye: tumia mkazo halisi, inua maji hadi usawa wa juu wa msimu wa mvua, pembe ya msuguano iwe ile ya mwisho, baada ya kilele kupita, na mshikamano uweke sifuri au karibu na hapo. Wengi husita kuufuta mshikamano kwa sababu wameupima kwa mikono yao. Kwenye mfinyanzi wenye nyufa, ufute. Ya tatu, chora uso dhaifu kando ya safu na uupe pembe ya mfinyanzi uliokwisha kuteleza. Mteremko unaopita zote 3 unaweza kumpelekea mhandisi aliyesajiliwa auwekee saini. Ukianguka kwenye ya pili, punguza mwinuko au weka mifereji ya kulala ndani ya mwamba inayoshusha maji. Ukuta wa mawe chini ya mteremko bila njia ya maji ni kupoteza saruji.

Na weka pisomita, yaani mabomba ya kupima shinikizo la maji ardhini, angalau 3 kabla ya kukata: moja juu ya mteremko, moja katikati, moja chini ya sakafu ya barabara. Bomba liwe jembamba, ncha yenye matundu izungukwe na mchanga, juu yake pazibwe kwa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasishuke kando ya bomba. Kwenye mwamba huu bomba nene litachelewa wiki nyingi kuonyesha shinikizo la kweli, na utadhani kilima ni kikavu. Soma mara moja kwa wiki kuanzia Novemba, uendelee hadi Mei, na usiache kusoma barabara ikishafunguliwa. Usomaji wa mwezi mmoja baada ya kukata utashuka, pengine hadi chini ya ncha. Usomaji wa miaka itakayofuata ndio utakaokuambia maji yanarudi kwa kasi gani, na kutoka hapo utaipata namba ya usambaaji ya kilima chako mwenyewe, ambayo ni bora kuliko ile ya 0.3 niliyoitumia mimi.